Kitambaa Juu ya Kamera

Siku ya kwanza Kogo alipoiamkia ile kompyuta, Chepngetich alicheka mpaka akashika mlango. Mama yake alikuwa amevaa sweta la kijani, kilemba kimekaa sawa kichwani, amesimama wima mbele ya meza ya kulia kama yuko gwarideni, na anamwambia mwalimu aliyekuwa ndani ya skrini, "Good morning, madam." Mwalimu wa watu wala hakumsikia, maana sauti ya upande wao ilikuwa imezimwa. Kogo alingoja ajibiwe. Alipoona kimya akasema labda madam ana mambo mengi, akavuta kiti akaketi kando ya mjukuu wake.

Kogo ni bibi kwa Kikalenjin, na hilo ndilo jina ambalo Ethan alimwita. Watu wa Bomet walimjua kama Mwalimu Mutai. Alifundisha shule ya msingi huko hadi serikali ilipomwambia akapumzike, akapumzika kwa shingo upande. Basi alipopigiwa simu aje Marekani kwa viza ya matembezi, amkalie mtoto nyumbani wakati mama yuko kazini, alipakia nguo kidogo tu. Nusu ya begi ilikuwa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, na katikati ya vitambaa alikuwa ameficha chaki.

Huyo mtoto wa kukaliwa ndiye mwenye hadithi hii. Ethan Kiplagat alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na kigugumizi. Si kile cha mtu kukwama kidogo akaendelea na safari. Neno lilikuwa linamkaba kooni, mishipa ya shingo inamsimama, macho yanamtoka, na wewe unayemsubiri unatamani ulichukue hilo neno ulimalizie mwenyewe. Pale Adelphi, mtaa wao huko Marekani, katika shule ya matofali mekundu iliyo karibu na nyumba zao za kupanga, wenzake walikuwa wamebuni mchezo. Akiitwa kusoma, wanamhesabia. Hawasemi kitu, wanakunjua tu vidole chini ya dawati, kimoja baada ya kingine, kuona vitafika vingapi kabla neno halijatoka. Mwalimu hakuwahi kuona vidole vile. Ethan aliviona vyote.

Akaacha kula asubuhi. Halafu akaanza kutapika akiliona tu basi la manjano linakata kona. Halafu siku moja akachukua simu ya mama yake akaandika, maana kusema hakuweza: Please let me stay home, I will be good. Chepngetich aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama jikoni, na aliona aibu kubwa. Mtoto alikuwa anamwomba ruhusa ya kutoumizwa, tena anaahidi kuwa na adabu.

Aliyemfungua macho ni Mahfudha, jirani wa chini, mwanamke wa Unguja aliyekuwa anashona nguo za watu sebuleni kwake.

"Mwenzangu, mtoto ananyauka hivyo nawe wamtazama tu?" alisema. "Mtie kwenye hii shule ya mtandaoni anayosoma Fathiya wangu. Mwalimu yumo humo humo ndani ya kompyuta, masomo yale yale, na mwanao yuko mbele ya macho yako. Fathiya anaswali adhuhuri yake kwa wakati, anakula chakula cha nyumbani, na hakuna wa kumvuta mtandio."

Na kweli, mwanzoni ilikuwa raha. Wakati huo Chepngetich alikuwa anafanya kazi za jioni, kwa hiyo mchana alikuwepo, anakunja nguo huku anamwangalia mwanawe kwa pembe ya jicho. Mwalimu wao, Bi. Whitcomb, alikuwa anawaruhusu watoto kuandika majibu badala ya kuyasema. Ethan anaandika, mwalimu anasoma kwa sauti: Ethan anasema hivi, Ethan ana swali zuri. Darasa zima likawa linasikia akili ya Ethan bila kusikia koo lake. Mchana anakula ugali wake wa moto, mashavu yanarudi. Shule ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: uso wa mtoto uonekane kwenye kamera, na akiitwa ajibu, kwa mdomo au kwa kuandika. Mtoto asiyeonekana ni mtoto asiyekuwepo.

Kisha kazi ikabadilika. Mzee mgonjwa ambaye Chepngetich alikuwa anamhudumia jioni alifariki, na wakala aliyemtafutia kazi akampa bibi kizee mmoja wa Columbia Heights amhudumie, kazi ya kutwa. Bibi huyo haachwi hata dakika, na simu ya mtumishi inakaa ndani ya mkoba mpaka zamu iishe. Asubuhi Chepngetich anapanda basi hadi Hyattsville, anaingia treni ya Green Line, na kurudi ni hivyo hivyo. Mtoto wa miaka tisa huwezi kumwacha peke yake kutwa nzima. Ndipo Kogo akaja, na sweta lake, na vitambaa vyake, na ile chaki.

Wiki ya kwanza Kogo aliketi kando ya Ethan, mikono mapajani, akisubiri mwalimu amalize ili na yeye apate nafasi ya kusema neno. Lakini mwalimu wa mtandaoni hamalizi. Jioni malalamiko yakawa ndiyo kitoweo.

"Chepngetich, yule madam anakunywa kahawa mbele ya watoto."

"Mama, ndivyo walivyo huku."

"Kuna kijana anasoma akiwa kitandani. Kitandani! Na paka amekalia kitabu. Na huyu wetu anaandika tu, anaandika tu. Mdomo amepewa wa kunywea uji peke yake?"

Ethan aliinama sahani yake akicheka. Alikuwa hajui Kikalenjin, na Kiswahili alikisikia tu, akijibu kwa Kiingereza. Kwa ajili yake wote watatu walizungumza Kiswahili mezani. Chepngetich naye alicheka, miguu inamuuma, usingizi umemjaa. Siku chache baadaye Kogo akasema, kama anayetaja bei ya nyanya, "Nimeanza kumsaidia kidogo." Chepngetich akajibu, "Asante, Mama."

Hakuuliza anamsaidiaje. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa ukimlaumu utakuwa unamwonea. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa mama yake, darasa la tatu na la nne, na kule kwao hapakuwa na mzazi wala mwalimu mkuu aliyewahi kumuuliza Mwalimu Mutai anafundishaje. Ulimletea mtoto, ukashukuru, ukaenda zako.

Shule ya mtandaoni nayo ilikuwa na mdomo mrefu. Kila siku simu inapokea ujumbe: leo ni siku ya kuvaa nguo za kulalia, kesho ni siku ya kofia, hali ya hewa ni mbaya, maktaba inawakumbusha. Katika mafuriko hayo ukaja mmoja kutoka kwa Bi. Whitcomb mwenyewe. Je, kamera ya Ethan ina tatizo? Hatumwoni. Chepngetich aliusoma akiwa amebanwa ndani ya treni. Akafikiri mtoto anajificha kidogo pembeni kwa haya. Akajibu kama alivyolelewa kumjibu mwalimu: Good morning teacher. Ethan is doing very well. Thank you for your good work. God bless you. Ujumbe mwingine ulipofuata hakuufungua. Alikotoka, shule ikiwa na neno inakuita. Unapiga viatu vyako rangi, unakwenda, unamkuta mtoto amepiga magoti nje ya ofisi. Kama hakuna aliyekuita, hakuna neno.

Isitoshe mtoto alikuwa anachanua. Jioni moja alimfuata jikoni akasema, kwa Kiswahili, polepole, "Mom, Kogo anasema ch-chai iko tayari." Chepngetich alimkumbatia hadi mwiko ukaanguka. Aliona ile shule inafanya kazi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Bi. Whitcomb.

Jumamosi moja walikutana na Mahfudha kwenye chumba cha mashine za kufulia.

"Mama Ethan, mwanao mgonjwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Fathiya ananambia Ethan hayumo darasani. Jina lipo, lakini kisanduku chake cheupe tu, kama umetazama ukungu. Mwalimu alikuwa akimwita, akimwita, kimya. Sasa kaacha hata kumwita." Mahfudha akaona uso wa mwenzake. "We! Kumbe hujui?"

Chepngetich alikuwa ameshika soksi moja ya mtoto, na alizunguka nayo kapu zima akitafuta ya pili, na ya pili alikuwa ameishika mkono huo huo.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akamwambia mama yake kichwa kinamuuma, akajifungia chumbani. Darasa lilipokaribia kuanza akafungua mlango kidogo, akasimama kwenye korido akichungulia.

Kogo alikuwa amesimama mbele ya skrini. "Good morning, madam," akasema, akainamisha kichwa. Kisha akapunguza sauti ya kompyuta hadi mwisho. Kisha akachukua mgongoni mwa kochi kitambaa cheupe, kile kikubwa chenye maua ya pembeni, akakitandaza juu ya kompyuta yote, kamera na kila kitu, akakinyoosha kingo kwa viganja. Ukienda nyumba yoyote ya akina mama wa rika lake utakuta kila kochi lina kitambaa chake, redio ina chake, televisheni ina chake; kitu cha thamani hakikai uchi kikiliwa na vumbi. "Samahani, madam," Kogo akakiambia kile kitambaa. "Na sisi tunaanza." Alikuwa anafanya jambo la adabu kabisa. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kufundisha mwenzake akiwa anafundisha chumba kile kile. Alikuwa amefunga mlango baina ya madarasa mawili.

Akatoa nyuma ya kabati kipande cha boksi la televisheni alichokipaka rangi nyeusi. Juu yake, kwa mwandiko wa chaki ambao Chepngetich angeutambua popote duniani, palikuwa na hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya mzee mmoja na punda wake aliyekataa kuvuka daraja.

"Haya. Tembea na kidole changu," Kogo akasema, akaanza kugonga meza kwa kifundo cha kidole. Ko. Ko. Ko. Taratibu.

Na Ethan akasoma. Kila neno aliliweka juu ya mgongo wa pigo moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Punda. Alisimama. Mzee. Alimvuta. Punda. Hakuvuka." Alisoma ubao mzima. Kisha Kogo akafungua kitabu cha Kiingereza cha shule, na Ethan akasoma na hicho, ko, ko, ko, ukurasa mzima, na pale alipokwama Kogo hakumsaidia neno. Aligonga tu, akangoja, akagonga, na neno likaja lenyewe likakaa mahali pake.

Chepngetich alitakiwa kukimbia akang'oe kile kitambaa. Alijua. Nyuma ya nyuzi zile nyeupe mwalimu alikuwa anaita majina wakati huo huo, na kila dakika ilikuwa inamwondoa mwanawe shuleni. Lakini miguu haikwenda. Kwa miaka tisa alikuwa hajawahi kusikia sauti ya mwanawe ikitoka nzima, na sasa ilikuwa inatoka, nyembamba, yenye majivuno kidogo, inacheka pale punda alipompiga mzee teke. Alisimama kwenye korido akalia hadi hadithi ikaisha.

Baadaye alijifungia bafuni akafungua ujumbe wote aliouacha bila kuusoma. Alipiga simu shuleni. Mkuu wa shule alikuwa mwanamke mpole. Alimweleza kwamba mtoto amehesabiwa hayupo kwa muda mrefu kupita kiasi na nafasi yake ilikuwa karibu kutolewa. Lakini hakutaka kumhukumu bila kumwona. Alhamisi wangempima mbele ya kamera: aya moja tu, asome kwa sauti. Akisoma, watajua amekuwa akijifunza, na atabaki. Asiposoma, atarudi shule ya mtaani kwake.

"Ana kigugumizi," Chepngetich alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Anaweza kuandika?"

Hapana. Kwa kuwa hawajamwona muda wote huo, kuandika hakutoshi; aliye kando anaweza kumwandikia. Wanahitaji sauti yake mwenyewe. Watampa muda, asiwe na wasiwasi.

Alipotoka bafuni alimkuta Ethan amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Ulijua?" Chepngetich aliuliza. "Kwamba hawakuoni?"

Ethan akatikisa kichwa kukubali.

"Na hukuniambia?"

"Nobody was looking at me," alisema, bila kukwama hata kidogo. Kisha akamshika mama yake mkono. "Mom, d-d-don't tell Kogo. She'll p-pack her bag."

Alikuwa sahihi. Mwalimu Mutai akiambiwa amemfukuzisha mtoto shule, angeondoka na ndege ya kwanza, na asingemgongea mtoto yeyote meza tena maishani mwake. Kwa hiyo Chepngetich akamwambia mama yake nusu tu ya habari: Alhamisi wakubwa wa shule wanataka kumsikia Ethan akisoma.

"Mkaguzi!" Kogo akasimama. "Mkaguzi anakuja na wewe unaniambia leo?"

Tangu hapo nyumba haikukosa kazi. Kogo alifua vitambaa vyote akavipiga pasi. Alimpigia Ethan shati pasi hadi kola ikasimama yenyewe. Alifuta vioo vya madirisha ingawa Chepngetich alimwambia kamera haioni upande huo. Kila asubuhi Chepngetich aliondoka akiwa amekitoa kitambaa juu ya kompyuta, akiwa amemwomba mama yake akiache hivyo kwa sababu mashine inapata joto. Na Kogo, kwa heshima ya mkaguzi, alikubali. Mazoezi aliyafanya jioni. Ko, ko, ko. Ethan alikuwa anasoma kitu chochote unachomwekea: sanduku la chai, gazeti la matangazo, maagizo ya dawa ya mbu. Jumatano usiku Chepngetich alipiga magoti akaomba, na kwa mara ya kwanza aliinuka akiwa ameamini.

Alhamisi waliketi wote watatu mezani. Ethan katikati, mbele ya kamera, na shati lake. Chepngetich kando yake. Kogo upande wa pili wa meza, nje ya picha, sweta limefungwa vifungo vyote. Kwenye skrini wakatokea Bi. Whitcomb na mkuu wa shule, wote wanatabasamu. Bi. Whitcomb alimwambia Ethan amemkumbuka sana, na ilionekana ni kweli.

Aya ikatokea. Ilihusu kaa wa buluu wa Ghuba ya Chesapeake. Ethan alivuta pumzi. Neno la kwanza lilianza na B, na B ndiyo herufi iliyokuwa adui yake kuliko zote. Midomo ikashikana. Mishipa ya shingo ikasimama.

Ko, ikasikika mezani. Ko. Ko.

Mabega ya Ethan yakashuka. Midomo ikaachana. Neno la kwanza likatoka, la pili likafuata, la tatu, na Chepngetich akasikia moyo wake mwenyewe unagonga sambamba na kidole cha mama yake.

"Samahani," mkuu wa shule akasema. "Tunasikia sauti. Kuna mtu anampa ishara?"

Ethan akanyamaza. Chepngetich akasogea mbele ya kamera. "No, no. Ni mama yangu. My mother. It is how he reads. She is not telling him anything."

"Tunaelewa, na hatumshuku mtu." Sauti ya yule mwanamke ilikuwa laini. "Lakini tunahitaji asome bila msaada wa mtu aliye chumbani. Ni sheria moja kwa watoto wote. Tafadhali mwambie bibi aache."

Kogo alikuwa hajafuata Kiingereza kile chenye haraka. Aliona tu mtoto amekatizwa, na alipoona amekatizwa, akagonga tena, kwa nguvu zaidi, amrudishe barabarani. Ko. Ko. Chepngetich alinyoosha mkono juu ya meza akakifunika kile kidole kwa kiganja chake. Kidole kilijaribu kuinuka chini ya kiganja. Kikajaribu tena. Kisha kikatulia.

Ethan hakuitazama skrini. Aliitazama ile mikono miwili. Alirudi kwenye neno lililofuata, akalifungulia mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Walimpa muda, kama walivyoahidi. Bi. Whitcomb aliinamisha macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka mtoto mpaka kwenye kola iliyopigwa pasi, na bado anajaribu, bado anajaribu, hadi mkuu wa shule akasema asante, Ethan, inatosha, umejitahidi sana.

Kisha akaeleza. Jumatatu atarejea shule ya mtaani. Huko kuna mtaalamu wa matamshi, atapata msaada mkubwa kuliko wanaoweza kumpa wao. Ni kwa faida yake. Chepngetich alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema hamjamsikia, mliokuwa hamjamsikia ni ninyi, njooni mkae kwenye korido yangu. Badala yake alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Thank you for your good work. God bless you."

Skrini ikazimika.

"Wamesema nini?" Kogo akauliza.

Ethan alimwangalia mama yake, na yale macho yalikuwa yanamkumbusha alichomwomba.

"Wamesema atarudi shule, Mama. Ile ya majengo."

Kogo akapiga makofi. "Si nilisema? Shule yenye kengele! Yenye dawati! Nilijua mkaguzi akimsikia hata nusu hatamwacha kwenye kile kisanduku." Akamvuta Ethan kifuani, akamfuta uso kwa pindo la kitambaa. "Usilie. Hata mimi nilipopata uhamisho wa kwanza nililia." Kisha akamgeukia binti yake, uso umebadilika kidogo. "Lakini wewe, kwa nini ulinishika mkono?"

"Kelele zilikuwa zinawachanganya, Mama."

"Kelele?" Kogo alikitazama kidole chake.

Jumatatu asubuhi Ethan alikunywa chai nusu kikombe, akaitapika. Kogo alisema ni furaha. Walimsindikiza wote wawili hadi kituo cha basi la shule, pembeni ya University Boulevard, magari yanapita hayakomi. Chepngetich alikuwa ameshapiga simu kila mahali alipoweza kupiga. Kila mahali walimsikiliza vizuri, na kila mahali walimwambia jambo moja: sheria ni hiyo. Wakala naye alikuwa amemwambia kwamba bibi wa Columbia Heights anasubiri. Hakuwa na pengine pa kwenda wala neno jipya la kusema. Alimshika mwanawe mkono, na mkono ulikuwa baridi.

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Dereva, jamaa mwenye ndevu na tabasamu kubwa, akasema, "Good morning, buddy!"

Ethan alikanyaga ngazi ya kwanza, akageuza uso kumjibu. Midomo ikafunguka. Neno likakataa. Watoto waliokuwa nyuma yake wakaanza kusukumana. Kogo aliinua kidole, akatafuta mahali pa kugonga, hapakuwa na meza. Akagonga mkoba wake wa ngozi, puf, puf, puf, na ngurumo ya injini ikameza kila kitu. Ethan alimtazama dereva, akaufunga mdomo, akapanda.

Walimwona anakwenda kuketi dirishani. Akawageukia. Akaweka kifundo cha kidole kwenye kioo, akaanza kugonga, taratibu, na midomo yake ikawa inatembea. Sauti haikuwafikia.

"Anasema nini?" Kogo akauliza.

Chepngetich alikuwa ameisoma ile midomo neno kwa neno. Punda. Alisimama. Mzee. Alimvuta.

"Anasema kwaheri, Mama."

Kogo akapunga mkono kwa nguvu, uso unang'aa. Nyuma ya Ethan, kwenye kiti kinachofuata, kijana mmoja alikuwa amejiinua akimwangalia kisogoni. Akanyoosha mkono juu, watu wote waone, akaanza kukunjua vidole, kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Mwenzake wa pembeni akacheka, akainua na wake. Basi likaanza kuondoka.

"Ona," Kogo akasema, akimgusa binti yake begani. "Hata wenzake wanatupungia mkono."